Chukueni Vipimo Kwanza

Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya, kwa Serikali ya Kaunti ya Jiji la Nairobi, na kwa wasanifu majengo mtakaopewa kazi ya kuchora hospitali mpya ya wagonjwa wa akili

Waheshimiwa,

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko Kawangware, upande wa Gatina, na riziki yangu ni sare za shule, mapazia, na suti za wanaume wanaokwenda kuposa. Kakangu mdogo anaishi Kibera, Laini Saba, karibu na reli. Amekuwa akiugua akili tangu alipomaliza kidato cha nne. Kuna miezi mtu hawezi kujua kwamba ni mgonjwa, na kuna wiki ambazo mtaa mzima unajua.

Ninawaandikia hadharani kwa sababu barua ya faragha ningeipeleka wapi? Ofisi zenu zina mlango, mlango una mlinzi, na mlinzi ana kitabu cha kuuliza nimetumwa na nani. Tena, kwa miaka kadhaa sasa tunasikia habari za kuihamisha hospitali ya akili ya Mathari hadi upande wa Ngong na kujenga hospitali ya kisasa. Neno hilo "kisasa" ndilo lililoninyima usingizi. Kazini kwangu mteja akisema anataka gauni la kisasa, mimi huchukua tepu na kumpima mabega, kifua, kiuno na urefu, ndipo nishike mkasi. Sijasikia mmempima nani.

Nina mambo saba. Mengine ni marefu, mengine nitayapitia haraka.

1. Msianze na ukuta.

Nairobi mtoto akifanya upuuzi huulizwa kama ametoroka Mathare. Hospitali inaandikwa Mathari, mtaa jirani ni Mathare, lakini mdomoni ni jina moja, na jina hilo ni tusi. Tusi lenyewe lina historia. Mwaka 1910 serikali ya kikoloni ilichukua nyumba za kuwatenga wagonjwa wa ndui ikazigeuza mahali pa kuwafungia walioitwa wendawazimu. Kwa hiyo jengo la kwanza la magonjwa ya akili katika nchi hii halikuchorwa kwa ajili ya akili ya mtu yeyote. Lilirithiwa kutoka kwa ugonjwa mwingine, na kazi iliyokuwa imelileta ilikuwa kutenga. Mwaka 1924 likapewa jina la Mathari. Wadi zikagawanywa kwa rangi: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao.

Karne ilipita. Mwaka 2011 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilitoa ripoti kuhusu jinsi huduma za afya ya akili zilivyotelekezwa nchini, na mwaka huohuo runinga ya nje ikaonyesha dunia picha za ndani ya Mathari ambazo sisi wenye wagonjwa tulikuwa tunazijua. Mei 2013 wagonjwa 40 wakatoroka. Nakumbuka gumzo la wiki ile pale kibandani: ukuta ni mfupi, walinzi ni wachache. Mteja mmoja tu, mama aliyekuja kupunguza sketi, ndiye aliyeuliza walikuwa wanatoroka nini.

Ombi langu ni hili. Upande unaotazama barabara wekeni vitu ambavyo mtu yeyote anaweza kuvihitaji: kliniki ya kutwa, duka la dawa, mahali pa chai, vyumba vya ushauri. Jengo lenyewe liwe mpaka. Bustani na wadi zikae ndani, nyuma ya vyumba hivyo, na meza ya wauguzi ikae pale inapoona mlango wa kuingilia na mlango wa bustani kwa wakati mmoja. Wachache wanaohitaji kulindwa kwa makini watalindwa na macho ya muuguzi aliye karibu. Wengine wote wataingia kwa mlango wa chai, na jirani akiwaona hatajua wameendea nini.

2. Umbali nao ni sehemu ya mchoro.

Nyinyi mkichora huwa na karatasi, na karatasi huishia kwenye mpaka wa kiwanja. Safari yetu huanza mbali na hapo.

Mara ya kwanza tulipompeleka kakangu hospitali ilikuwa alfajiri. Hospitali sitaitaja, maana sijaandika kumchongea mtu. Alikuwa hajalala siku nne. Tulikuwa watatu: mimi, mamangu, na kijana wa ploti aliyekubali kutusaidia. Mamangu alimfunga mikono kwa leso yake mwenyewe, akalia wakati anafunga. Makanga wa matatu ya kwanza alituangalia akasema gari limejaa, na viti vilikuwa wazi. Wa pili alitaka tulipe viti vitano. Tulishuka mjini, tukavuka jiji kwa miguu kutafuta matatu ya pili, watu wakitupisha kama tumebeba moto. Tulipofika kwa daktari, kakangu alikuwa ameshaadhibiwa vya kutosha na jiji zima, na ugonjwa ulikuwa umezidi ule tulioondoka nao nyumbani.

Mkinijengea hospitali nzuri kuliko zote Afrika mashariki upande wa Ngong, safari hiyo itabaki ileile, imegeuzwa mwelekeo tu.

Sheria iko upande wangu. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2022 yamezipa serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi karibu na watu. Kabla ya hapo, mwaka 2020, jopokazi lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilikuwa limependekeza ugonjwa wa akili utangazwe janga la kitaifa. Sasa tazameni ramani. Kutoka Laini Saba hadi Hospitali ya Mbagathi mtu anakwenda kwa miguu. Sisi wa Kawangware tuna kituo cha afya cha Riruta. Naomba katika kila upande jengo moja dogo la akili: vitanda vichache vya siku chache, daktari au afisa wa kliniki usiku na mchana, chumba cha sindano na dawa, na ukumbi wa kutwa kwa waliopata nafuu. Liwe la orofa moja, au likae orofa ya chini tu katika jengo lenye orofa. Mtu anayesikia sauti msimpandishe ngazi.

Na kabla ya hata hilo jengo dogo, kuna kitu kidogo zaidi. Mwaka 2006 daktari mmoja wa Zimbabwe, Dixon Chibanda, alianza kuwafundisha mabibi wa mtaa wa Mbare, Harare, kukaa na watu kwenye benchi la mbao nje ya zahanati na kuwasikiliza kwa utaratibu maalumu. Alikuwa hana ofisi wala madaktari wa kutosha. Benchi hizo zimesambaa nchi nyingine, Zanzibar ikiwemo. Kenya tangu Septemba 2023 ina wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 waliopewa mikoba ya kazi. Wanapita milangoni mwetu. Benchi tunaweza kutengenezewa soko la Gikomba. Wapeni mafunzo, na wasanifu mtuchoreeni benchi mbili zenye kivuli, moja Makina kule Kibera na moja karibu na steji ya 46 hapa Kawangware. Msicheke. Ni jengo dogo kuliko yote mtakayochora, na ndilo mtu atakaloingia kwanza.

Kawangware inapakana na Lavington, barabara tu ndiyo imetutenganisha. Huko Lavington kuna hospitali ya binafsi ya akili ndani ya nyumba iliyokuwa ya kuishi, na ina bustani. Kwa hiyo sitaki kuambiwa kwamba jengo la aina hiyo haliwezekani Nairobi. Linawezekana, ng'ambo ya barabara.

3. Dirisha na saa.

Kakangu alipotoka mara ya kwanza nilimuuliza ni nini kilichomchosha zaidi. Nilidhani atasema sindano. Akasema, "Sikuwa najua ni saa ngapi."

Yeye amekulia kando ya reli. Treni ya asubuhi inayopeleka watu mjini ikipita, nyumba inatikisika na anajua kumekucha. Ya jioni ikirudi, anajua mama yuko njiani. Mule wadini taa iliwaka usiku kucha, dirisha lilikuwa juu karibu na dari, na kilichoonekana ni kipande cha anga kisichozidi upana wa mkono. Saa ya ukutani haikuwepo. Mtu ambaye akili yake inamwambia kwamba dunia imesimama mlimweka mahali palipokubaliana naye.

Dirisha lishuke hadi usawa wa macho ya mtu aliyelala. Lioneshe mti. Mwaka 1984 mtafiti wa Marekani, Roger Ulrich, alichapisha matokeo kuhusu wagonjwa waliopasuliwa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania: waliolazwa kwenye vyumba vinavyotazama miti walitoka mapema na kutumia dawa kali za maumivu kwa uchache kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Hao hawakuwa wagonjwa wa akili, najua. Lakini kama mti humsaidia mwenye nyongo, sioni kwa nini mwenye hofu anyimwe.

Mkisema dirisha la chini linaleta hatari na gharama, nendeni Rwanda. Hospitali ya Butaro, wilaya ya Burera, ilifunguliwa mwaka 2011. Vitanda vya wadi vimeondolewa ukutani vikawekwa katikati, kila mgonjwa akilala anatazama nje. Korido zimetolewa nje ili hewa chafu isizunguke ndani. Kuta zimejengwa kwa mawe ya volkano ya palepale, na mafundi wa palepale. Haikuwa nchi tajiri iliyojenga hivyo. Dirisha linalotazama mti na dirisha linalotazama ukuta ni dirisha lilelile dukani. Anayeamua liangalie wapi ni mwenye penseli.

Ongezeni saa kubwa ya ukutani, na kalenda. Taa za usiku ziwe hafifu na za chini. Dari isiwe ya mabati matupu, maana mvua ya Aprili juu ya mabati ni kelele hata kwa mwenye akili timamu, na Julai ya Nairobi ndani ya mabati ni friji.

4. Mlango, choo, kioo.

Hapa najua mnajua kuliko mimi, kwa hiyo sitarefusha. Mlango wa chumba ufunguke pande zote mbili, ili mtu akijifungia kwa kitanda muuguzi aweze kuingia. Pasiwe na ndoano, bomba la wazi wala fimbo ya pazia inayoweza kubeba uzito wa mtu; sisi tuliowahi kumkata ndugu kamba tunajua kwa nini. (Pazia nitawashonea mimi mwenyewe, la kunata, linalodondoka likivutwa.)

Lakini kuna wanaotumia neno usalama kunyang'anya kila kitu. Wanaondoa kiti, wanaondoa mlango wa choo, wanaondoa kioo. Kakangu alikaa wiki 6 bila kuuona uso wake. Siku aliyotoka alisimama mbele ya kioo changu cha wateja, akajigusa shavu, akaniuliza huyo ni nani. Aliuliza kwa mzaha, nadhani. Kuna vioo vya chuma kilichosuguliwa, havivunjiki. Kuna vifungo vya choo ambavyo muuguzi hufungua kutoka nje kwa sarafu. Mwacheni mtu ajifungie akijisaidia. Kibera tunapigania choo chenye mlango kila siku. Msitufanye tukione kama anasa tukifika hospitali.

5. Wenye mgonjwa walale wapi?

Katika hospitali ile nilimtembelea kakangu kwa kusimama, tukitenganishwa na nondo. Mamangu ana magoti mabovu. Alikuwa anaketi chini kwenye simenti, anapitisha chapati kati ya nondo. Muuguzi aliyekuwa zamu alikuwa mtu mwema, alitafuta kiti akakosa. Ubaya wote ulikuwa umejengwa pale: hakuna aliyefikiri kwamba mgonjwa wa akili ana mama.

Mwaka 1954 huko Abeokuta, Nigeria, Thomas Adeoye Lambo alifanya kinyume. Hospitali ya Aro ilikuwa bado haijakamilika, naye akawapangisha wagonjwa katika nyumba za vijiji vya jirani pamoja na ndugu zao. Asubuhi walikuja kutibiwa, jioni walirudi kupika na kula na watu. Haikuwa huruma tu. Ndugu walikuwa wanajifunza kumtunza mtu wao mbele ya macho ya daktari, na siku ya kurudi nyumbani hawakuwa wageni kwa ugonjwa.

Sisemi tupangishiwe nyumba Ngong, bei zake nazisikia. Naomba wadi ya kwanza anayolazwa mgonjwa iwe na vyumba ambavyo ndugu mmoja anaweza kulala. Jiko dogo la pamoja, lenye ungo na sufuria, si mashine ya soda. Ukumbi wa wageni wenye viti na meza, na kona ya watoto, kwa sababu wagonjwa wengi ni wazazi na watoto wao huambiwa baba amesafiri.

6. Mlango usiopitia polisi.

Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakwenda kinyume na Katiba. Tulishangilia. Lakini majengo yana kumbukumbu ndefu kuliko sheria. Mtu aliyeokolewa kwenye kamba saa nane usiku Kisumu Ndogo, Kibera, bado atapelekwa kwanza kwenye kituo cha polisi, kwa sababu ndicho jengo la serikali lililo wazi saa hiyo na analijua. Vile vituo viwili vya akili ninavyoomba viwe na taa nje usiku kucha, na maandishi ya Kiswahili yanayosomeka kutoka barabarani.

7. Sasa vipimo.

Ninaambiwa mtasema kulikuwa na ushirikishwaji wa umma. Najua unavyokuwa. Tangazo dogo la Kiingereza gazetini, mkutano saa nne asubuhi siku ya kazi kwenye hoteli, na orodha ya waliohudhuria. Mgonjwa akija hupewa soda, na akiongea sana huombwa afupishe.

Kibera imewafundisha watu namna nyingine. Kundi la Kounkuey limekuwa likijenga viwanja vya umma kando ya mto tangu mwaka 2006, na kazi huanza kwa kuketi na wakazi kabla mchoro haujakamilika: nani anafua wapi, mafuriko hufika wapi, watoto hupita wapi. Mnaweza kwenda kuvitembelea.

Kwa hiyo naomba, tena kwa maandishi ili msije mkasema hamkusikia:

Michoro ya hospitali mpya iwekwe hadharani kabla ya zabuni, ikiwa na maelezo ya Kiswahili. Mtengeneze kielelezo cha kadibodi, mtu aweze kuinua paa na kuona ndani, kisha mkilete baraza la chifu Kibera na lingine Kawangware, Jumapili alasiri, tukiwa tumetoka kanisani na wenzetu wa msikitini wamepumzika. Katika kamati ya usanifu wawemo watu waliowahi kulazwa, wasiopungua wanne, na walipwe kwa siku kama mnavyomlipa mhandisi wa maji. Wanajua kitu ambacho mhandisi wa maji hakijui. Kaunti itutajie tarehe ya vituo vya Mbagathi na Riruta, na mafungu yake yaonekane kwenye bajeti ijayo. Na kabla mchoraji yeyote hajatia sahihi, alale usiku mmoja katika wadi ya akili iliyopo sasa, upande wa wagonjwa.

Hilo la mwisho wenzangu wameniambia nilitoe, ni ukorofi. Nimeliacha.

Wiki iliyopita kakangu alikuja kibandani. Yuko vizuri siku hizi, anabeba mizigo soko la Toi na anameza dawa zake zinapopatikana. Nilimsomea barua hii mpaka hapa. Hakusema kitu. Aliomba ile karatasi ya kaki ninayokatia vielelezo vya nguo, akachukua chaki yangu, akachora wadi aliyolala: vitanda 22 kwa chumba kimoja, mlango mmoja, choo kilipo, na alama ya pale mamangu alipokuwa anaketi. Kisha akageuza karatasi akachora nyingine anayoitaka yeye. Amepima hatua kwa hatua kwenye sakafu ya kibanda changu, na vipimo ameviandika pembeni kwa futi. Dirisha liko usawa wa kitanda. Nje ya lango, chini ya mti, ameweka benchi, na kwenye benchi ameandika "mama".

Karatasi ninayo, nimeikunja chini ya kioo. Mkitutajia siku ya baraza, tutakuja nayo sote wawili.

Wenu kwa heshima,

Fundi cherehani, Gatina, Kawangware